Niliitawala Japani yote, nikashindwa na Kasighau

Najua niliahidi kwamba makala ya sasa ingehusu namna ya kuhifadhi nakala za hifadhidata. Itakuja, msinirushie mawe. Tatizo ni kwamba tangu mwezi uliopita, kila nikimaliza kazi za wateja, nimekuwa nikijifungia chumbani hapa Voi na kuitawala Japani.

Kwa wasioijua, gemu yenyewe inaitwa Europa Universalis IV. Ilitolewa Agosti 2013 na studio ya Paradox ya Stockholm, Uswidi. Inaanza tarehe 11 Novemba 1444. Unapewa ramani ya dunia nzima, unachagua nchi moja, halafu unaiendesha: kodi, majeshi, ndoa za kisiasa, biashara, dini, mpaka mwanzoni mwa 1821. Hakuna kupiga risasi wala kuruka vikuta. Ni ramani, namba na vitufe, na ukiwa na akili kama yangu ya kupenda majedwali, umekwisha.

Nilichagua ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma kule kusini kabisa mwa kisiwa cha Kyushu. Japani ya wakati ule ilikuwa ya kikabaila. Kulikuwa na mfalme mkuu asiye na nguvu, chini yake shogun wa ukoo wa Ashikaga aliyekaa Kyoto, na chini ya shogun mabwana wa mikoa walioitwa daimyo, kila mmoja na ngome yake, mashamba yake ya mpunga na samurai wake. Mwaka 1467 vilizuka Vita vya Onin, na baada ya hapo daimyo walipigana zaidi ya miaka 100, mpaka Tokugawa Ieyasu aliposhinda Sekigahara mwaka 1600 na kuwa shogun mwaka 1603.

Kwenye gemu ukiwa daimyo unaruhusiwa kuwapiga daimyo wenzako, na atakayeitwaa Kyoto ndiye anayekuwa shogun. Nilianza na Otomo, jirani yangu. Nikamaliza Kyushu. Nikavuka kwenda Honshu, nikala mkoa baada ya mkoa kwa subira, nikihesabu madeni. Niliingia Kyoto saa tisa usiku wa Jumamosi, feni ya laptopu ikilia kama mashine ya kusaga posho, jasho linatiririka (mnaoijua Voi mwezi wa Februari hamhitaji maelezo), na nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Shimazu wa kweli hawakufika huko. Waliwapiga Otomo vibaya pale Mimigawa mwaka 1578, karibu wameze Kyushu yote, kisha Toyotomi Hideyoshi akaja na jeshi kubwa wakasalimu amri mwaka 1587. Kwa hiyo mimi nimewazidi. Naomba iandikwe.

Miaka ya kwenye gemu ikaenda, Wareno wakatokea baharini. Hapo ndipo nilipoacha kucheza na kuanza kusoma.

Maana Wareno waliofika Japani walipita kwetu kwanza. Bunduki za kwanza za Kireno zilifika kisiwa cha Tanegashima, kusini tu mwa Satsuma, mwaka 1543. Mwaka mmoja kabla, 1542, padri Francis Xavier alitua Malindi akielekea Goa. Aliandika barua kuhusu safari hiyo. Anasema walimzika baharia mmoja pale, na Mwislamu mmoja mheshimiwa akamlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya mji ni 3 tu iliyokuwa na watu wa kusali. Miaka saba baadaye, tarehe 15 Agosti 1549, padri huyohuyo akashuka Kagoshima, mji mkuu wa Shimazu, na bwana wa Shimazu akampokea. Yaani viatu vilivyokanyaga mchanga wa Malindi vilikwenda kukanyaga nchi niliyokuwa naiendesha mimi kwa kipanya!

Na si yeye tu. Mwaka 1581 Oda Nobunaga, daimyo mwenye nguvu kuliko wote wakati huo, aliletewa Mwafrika aliyekuja na mapadri wa Kijesuiti. Nobunaga hakuamini kwamba rangi ile ni ya ngozi, akaamuru mtu yule aoshwe. Akamchukua awe mtu wake, akaitwa Yasuke, na alikuwa upande wa Nobunaga bwana huyo alipouawa kwa usaliti Kyoto mwaka 1582. Mwandishi mmoja wa Kijesuiti aliandika mwaka 1627 kwamba alitoka Msumbiji. Mwaka huohuo wa 1582 vijana wanne wa Kijapani walitumwa Ulaya, wakaonana na Papa, na wakati wa kurudi upepo ukawakwamisha miezi kadhaa katika Kisiwa cha Msumbiji, 1586 hadi 1587. Vijana wa Kyushu wanasubiri pepo za kusi pamoja na Waswahili. Hili sikufundishwa shule, nanyi nadhani hamkufundishwa.

Basi nikasogeza ramani kutoka Japani kuja huku kwetu. Mombasa ipo. Malindi ipo, Kilwa ipo, Pate ipo. Zina masultani, zina bendera, unaweza kuzichagua ukacheza. Voi haimo, na sina ugomvi na hilo, kwa sababu mwaka 1444 hapakuwa na Voi. Mji huu ni mtoto wa reli ya Uganda, ambayo kufikia 1898 ilikuwa imeshapita hapa na kufika Tsavo kwa wale simba. Lakini milima ilikuwapo. Dawida, Saghala na Kasighau vilikuwapo, na watu walikuwa wakiishi juu yake karne nyingi, wakilima kwa mifereji na kufanya biashara na nyika na pwani.

Mimi ni mtengenezaji wa programu, kwa hiyo sikulalamika, nilifungua mafaili. Gemu za Paradox zina uzuri huu: sehemu kubwa ya data imo katika mafaili ya maandishi ya kawaida na yeyote anaweza kutengeneza modi, yaani mabadiliko yake mwenyewe juu ya gemu. Kila jimbo la ramani lina faili lake dogo la historia. Ndani yake kuna mistari kama ifuatavyo: mwenye jimbo ni nani, anayelishika kwa sasa ni nani, utamaduni gani, dini gani, linatoa bidhaa gani, kodi kiasi gani, askari kiasi gani. Nikasema usiku mmoja utatosha. Nitaongeza Taita, nianzie Dawida, niteremke nyika, na ifikapo 1500 nitakuwa nawatoza Wareno ushuru.

Nilikwama mstari wa kwanza. Mwenye jimbo ni nani?

Siku iliyofuata nilikwenda kumwona mjomba wangu huko Wundanyi, mwalimu mstaafu wa historia, nikamwonyesha faili kwenye laptopu.

"Mjomba, niambie mfalme wa Wataita mwaka 1444 alikuwa nani."

Akavaa miwani. "Hakuwapo."

"Basi chifu mkuu."

"Machifu waliletwa na serikali ya Waingereza, mpwa wangu. Umesoma chuo kikuu miaka minne na hili hulijui?"

"Sasa nani alikuwa mwenye nchi?"

Akanitazama kwa muda. "Mwenye nchi ipi? Ya bonde lipi?"

Alinieleza kwa mchana mzima, na nilichokisoma baadaye kinakubaliana naye. Milimani watu waliishi kwa koo na vijiji vya bonde moja. Wazee wa bonde ndio waliokaa kuamua kesi na maji ya mifereji. Kulikuwa na fighi, misitu mitakatifu iliyolinda eneo la jirani fulani. Kulikuwa na mapango walimowekwa wazee waliokufa, mafuvu yao yakipangwa kwenye rafu za mawe, na ukoo ulijulikana kwa pango lake. Kulikuwa na kutasa, ibada ya kutema pombe au maji ya miwa kama ukungu huku mtu akitamka maneno ya kuondoa hasira moyoni (mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu yake, kikatoka 1978). Na kulikuwa na mtero, undugu wa kuchanjiana damu, ambao uliunganisha mtu wa ukoo huu na mtu wa ukoo ule, hata na watu wa makabila ya nyikani, ili msafara upite salama na mwenye njaa apate pa kukimbilia. Mwanahistoria Bill Bravman, katika kitabu chake cha 1998, anaonyesha kwamba hata kujiita Wataita, watu wamoja wa milima yote, ni jambo lililokua hasa katika enzi ya ukoloni.

Kwa lugha yetu ya kazini: Japani ya kikabaila ni mti. Kila daimyo ana kielekezi kimoja kinachokwenda kwa bosi wake, na mwishoni kuna shina moja, shogun. Shika shina, umeshika mti. Ndiyo maana niliweza kuishinda kwa kuuteka mji mmoja. Taita ilikuwa wavu. Hakuna nodi ambayo ukiishika umeshika zote. Gemu haina namna ya kuandika wavu katika mstari wa mwenye jimbo, kwa sababu mstari ule unapokea jina moja tu.

Kwa hiyo nilibaki na njia tatu, na zote nilizijaribu. Ya kwanza, kuandika kwamba Mombasa ndiyo mwenye jimbo. Uongo. Watu wa pwani walinunua pembe za ndovu kutoka huku, hawakuitawala milima. Ya pili, kubuni Ufalme wa Taita na kuuwekea mfalme. Nilifanya hivyo jioni moja, nikampa jina la kupendeza na bendera ya kijani. Mjomba alipoiona alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza mfalme huyo wetu alizikwa pango gani. Nikamfuta.

Njia ya tatu ni kuacha mstari wazi, na hapa ndipo nilipochukia. Jimbo lisilo na mwenye, kwenye gemu hii, huhesabiwa kuwa nchi ya kutawaliwa. Badala ya mwenye unajaza mistari mitatu mingine, yaani idadi ya wenyeji, ukali wao, na uadui wao. Kisha nchi yoyote yenye mkoloni wa kutuma inaweza kumtuma. Idadi ya walowezi inapanda taratibu, ikifika 1,000 jimbo linakuwa lake. Wenyeji wakikusumbua, unaleta jeshi, kuna kitufe cha kuwashambulia, na ukikibonyeza vya kutosha idadi inakuwa 0. Nilikaa pale nikiulizwa na kompyuta niandike ukali wa bibi zangu kwa namba.

Siwalaumu sana wale wa Stockholm. Ni hifadhidata, na kila anayetengeneza hifadhidata huamua ni safu gani haitakubali kuwa tupu. Katika Victoria 3, iliyotoka 2022, wamejaribu kitu kingine. Kuna mataifa yasiyo na kitovu, yana majina na rangi hafifu kwenye ramani. Lakini huwezi kuyachagua ukacheza. Yapo ili yatwaliwe.

Kilichonishangaza ni kwamba Japani yenyewe ilikuwa na nchi za namna yetu. Mkoa wa Kaga ulimpindua bwana wake mwaka 1488, na kwa karibu miaka 100 ukaendeshwa na muungano wa wakulima, watawa wa Kibudha na samurai wadogo, bila daimyo, hadi majeshi ya Nobunaga yalipouvunja mwaka 1580. Iga, mkoa wa milima, ulikuwa na familia nyingi ndogo zilizokaa baraza na kuamua mambo yao. Nobunaga aliuvamia mwaka 1581 kwa makumi ya maelfu ya askari, ndiyo, mwaka uleule aliompokea Yasuke. Ukipenda kujua Taita ingeonekanaje katika Japani ya kikabaila, usiitafute kwa Shimazu. Itafute Iga.

Sasa, mstari ule wa mwenye jimbo haukubaki kwenye gemu tu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na faili lake pia. Sheria ya Ardhi ya Taji ya 1902 ilijengwa juu ya wazo kwamba ardhi ambayo haina mwenye anayeonekana ni ya Mfalme wa Uingereza. Ya 1915 ikaongeza: hata ardhi wanayoikalia wenyeji ni ya Taji. Jaza safu. Nyika iliyozunguka milima ikagawiwa mashamba ya mkonge na ranchi, na mwaka 1948 ikaja Hifadhi ya Taifa ya Tsavo. Leo takriban asilimia 62 ya kaunti ya Taita Taveta iko ndani ya hifadhi. Kila mtu wa hapa ana shangazi au babu anayekuonyesha kilima kwa kidole na kusema pale palikuwa petu.

Na 1915 ndio mwaka wa Kasighau.

Vita Kuu ya Kwanza ilifika kwetu mapema. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta (tarehe ileile ya Xavier kushuka Kagoshima, haina maana yoyote, ila sikuweza kuacha kuiona). Wakaweka ngome kwenye kilima cha Salaita, na wakawa wanatuma vikosi vidogo nyikani kulipua reli ya Uganda. Wanaocheza gemu hizi wanajua kitu kinachoitwa kikomo cha ugavi: peleka askari wengi nchi kavu na nusu watakufa bila vita. Waingereza walikijua bila gemu. Mapema 1915 walianza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta, na katikati ya mwaka ilikuwa imefika Maktau. Maji yaliletwa kwa bomba kutoka upande wa Bura. Bila hivyo wangekufa kiu kabla ya kumwona Mjerumani. Tarehe 12 Februari 1916 walishambulia Salaita na wakarudishwa vibaya. Brigedi mpya ya Waafrika Kusini ilivunjika, ikaokolewa na Wahindi wa kikosi cha 130 Baluchis, ambao Waafrika Kusini haohao walikuwa wakiwadharau. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, Taveta ikarudishwa na vilima vya Latema na Reata vikachukuliwa. Makaburi yapo Voi, Maktau na Taveta, yamefyekwa vizuri. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo walikufa kwa makumi ya maelfu, na hawana safu za mawe meupe.

Kasighau ni mlima peke yake, kusini-mashariki mwa Voi, mbali kidogo na Dawida. Ndio mlima wa kwanza wa Taita ambao mmisionari Johannes Rebmann aliufikia mwaka 1847, akauita Kadiaro. Mei 1848 aliona theluji ya Kilimanjaro, na mchora ramani mmoja London akambishia kwa miaka bila kutia mguu Afrika. Mwezi Agosti 1915 Wajerumani walishambulia kituo cha Waingereza pale Kasighau. Waingereza wakasema wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Wakachoma vijiji, wakawakusanya watu wote wa mlima ule na kuwapeleka Malindi. Watu wa mlima wenye ubaridi wakatupwa pwani yenye malaria ambayo miili yao haikuizoea. Wengi walikufa huko. Hawakuruhusiwa kurudi kuishi Kasighau hadi 1936.

Japani nayo ilihamisha watu. Mwaka 1590 Hideyoshi alimwambia Tokugawa Ieyasu aache mikoa yake ya ukoo na kuhamia Kanto. Ieyasu alikwenda na samurai wake na hazina yake, akajenga ngome Edo, ambayo leo ni Tokyo, na miaka 13 baadaye alikuwa shogun. Ndivyo anavyohamishwa mwenye jina kwenye mstari wa kwanza.

Nilimwuliza mjomba kama Kasighau walikuwa wamewasaidia Wajerumani kweli. Akasema, "Mtu mwenye bunduki akikuuliza njia ya kisimani, unamwonyesha. Akija mwingine mwenye bunduki, unamwonyesha pia. Wewe ungefanyaje?" Kisha akauliza kama gemu yangu ina mwaka 1915. Nikamwambia inaishia 1821. Akasema vizuri.

Modi imefikia hapa: nimeigawa Taita majimbo matatu, Dawida, Saghala na Kasighau, na nimejaribu kuwapa muungano kwa kutumia aina ya serikali ya jamhuri ya wakulima ambayo imo kwenye gemu. Si sahihi, bado inadai niandike kiongozi mmoja, kwa hiyo nimeandika programu ndogo inayobadilisha jina la kiongozi kila baada ya miaka michache kati ya mabonde. Mtero nimeushindwa kabisa. Gemu inaruhusu muungano kati ya nchi na nchi, si kati ya ukoo na ukoo ndani ya nchi mbili tofauti. Kama kuna msomaji aliyewahi kuandika matukio ya kujiendesha kwenye mafaili hayo, aniandikie, nitamshukuru.

Makala ya kuhifadhi nakala za hifadhidata inakuja wiki ijayo, stima ikikubali.